Rosine na Vipimo vya Esther-Divine

Rosine hakati kitambaa cha mtu ambaye hajampima kwa mikono yake. Mteja akimletea gauni la zamani na kusema, "Nishonee kama hii," anamwambia asimame, anyooshe mikono, apumue kawaida. Gauni la mwaka jana, anasema, linajua mwili wa mwaka jana. Ni fundi wa nguo hapa Kasongo kwa miaka ishirini na miwili sasa, katika kibanda cha mbao pembeni ya soko, na kila mteja ana ukurasa wake katika kaye, yaani daftari lake: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mguu, tarehe. Mguu wa kulia na wa kushoto anaiandika mbalimbali. Masista waliomfundisha kushona walimwambia hakuna mtu aliye sawasawa pande zote mbili, naye akalishika neno hilo.

Alizaliwa Lusangi mwaka 1978, mtoto wa tatu wa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 2003 aliolewa na Musafiri, mwenyeji wa kijiji cha Wamaza, ambaye hununua mpunga na karanga vijijini na kuzileta sokoni kwa pikipiki. Waliishi miaka kumi na miwili bila mtoto. Kila walipokwenda Wamaza kusalimia, maneno hayakukosa. Siku moja wifi yake Darlène alimuuliza mbele ya watu, huku akimenya muhogo:

"Ee wifi, mashini yako inazaa nguo kila siku. Weye unaingojea nini?"

"Inifundishe," Rosine alijibu, na wanawake wakacheka. Lakini aliniambia mimi, jirani yake, kwamba usiku ule hakula.

Mwaka 2014 daktari mmoja wa Bukavu aliwaonyesha kwenye picha kwamba mirija yake yote miwili ya uzazi imeziba. Hapakuwa na dawa ya kuifungua. Palikuwa na njia moja tu, nayo haikuwapo karibu. Mwaka uliofuata walisafiri hadi Kampala. Huko waganga, kama tunavyowaita madaktari hapa kwetu, walimchoma sindano za kukomaza mayai, wakayatoa mayai, wakayakutanisha na mbegu za Musafiri katika kisahani cha kioo. Kilichotungwa kikakaa katika chombo chenye joto kama la mwili kwa siku tano, kisha wakakirudisha tumboni mwake. Mara ya kwanza mimba haikushika. Mara ya pili ilishika.

Wakiwa njiani kurudi, Musafiri alimwambia mkewe, "Wamaza wasijue kitu."

"Hata mama?"

"Mama zaidi ya wote. Watasema ni mutoto wa waganga. Watamutazama na macho ingine."

Rosine alikubali. Kwa watu wa Wamaza ilisemwa kwamba alitibiwa tumbo, na kwamba Mungu alisikia.

Mtoto alizaliwa katika hospitali ya Kasongo tarehe 14 Juni 2016, wiki tatu kabla ya siku yake, na hata hivyo alikuwa na kilo nne na gramu mia saba. Ulimi wake ulikuwa mkubwa, ukitokeza midomoni. Kitovu kilivimba kama yai la kuku. Saa chache baadaye alianza kutetemeka, na muuguzi Cécilia alipompima akakuta sukari iko chini sana. Walimpa maji ya sukari kwa mshipa siku tatu. Siku ya pili Cécilia alikuja na fomu, akauliza swali moja baada ya jingine, hata akafika hapa:

"Mama, mimba hii ulisaidiwa na waganga kuipata, ao ilikuja yenyewe?"

Mama mkwe, Mama Régina, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, beseni la nguo mapajani. Alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Wamaza.

"Ilikuja yenyewe," Rosine alisema.

Cécilia akaandika hivyo.

Mama Régina alimpenda mtoto kuliko nilivyowahi kuona nyanya akimpenda mjukuu. Ulimi ule haukumtisha. Wanawake walipokuja kuona mtoto na kusita mlangoni, yeye ndiye aliyewatoa katika aibu: "Ingieni, ingieni! Ulimi umetangulia kuwasalimia." Walimwita Esther-Divine. Kabla hajaondoka, Mama Régina alimfunga kiunoni kamba ya nyuzi nyeusi yenye shanga mbili, kama nyanya wa ukoo wao wanavyofanya. Mtoto akinenepa, kamba inabana; nyanya anailegeza, na kila anapoilegeza anapiga fundo dogo kwenye mkia wake. Kila baada ya miezi michache Mama Régina alikuja Kasongo kuilegeza. Mafundo ni sifa ya nyanya. Huko Wamaza wazee wa kike wanayahesabu wakati wa kuogesha watoto na kutambiana.

Kitovu kilirudi taratibu. Sukari ilitulia. Esther-Divine alitambaa, akasimama, akatembea kwa wakati wake. Rosine, kwa mazoea ya kazi, alimfungulia ukurasa katika kaye na kumpima kila mwezi, kwa sababu nguo zote za mtoto alizishona mwenyewe.

Desemba 2017 alimshonea suruali ya kitenge ya kuvaa Krismasi. Mtoto alipoivaa, upindo wa kulia ulikaa juu ya kifundo cha mguu na wa kushoto ukagusa sakafu. Rosine alifikiri mkasi wake umekosea. Alifumua, akalaza miguu yote miwili ya suruali moja juu ya nyingine: ilikuwa sawa, maana suruali za watoto huzikata kwa kipimo kimoja. Akampima mtoto. Akampima tena amelala. Akampima mara ya tatu akiwa usingizini, asijikunje. Mguu wa kulia ulizidi wa kushoto kwa milimita kumi na nne.

Hapo akarudi nyuma katika kaye. Miezi minane: tofauti milimita nne. Miezi kumi na moja: saba. Miezi kumi na tano: kumi na moja. Alikuwa ameandika mwenyewe, kwa kalamu yake, na hakuwahi kuziweka hesabu hizo pamoja. Paja la kulia nalo lilikuwa nene kuliko la kushoto.

"Kama ningekuwa nimepima vibaya," aliniambia, "siku moja ningekosea kwa kulia, siku ingine kwa kushoto. Hii ilikuwa inaenda upande moja tu."

Cécilia, ambaye siku hizo alikuwa amehamia kituo cha afya cha mtaani kwetu, alikunja na kunyoosha nyonga za mtoto, hakuona kasoro, akamwandikia barua kwa Dokta Aristote wa hospitali. Walikwenda Alhamisi tarehe 18 Januari 2018. Mama Régina alikuwa Kasongo tangu Noeli akitibiwa macho, na hakuna mtu ambaye angeweza kumzuia asifuatane na mjukuu wake.

Dokta Aristote alikuwa kijana, hakuwa na mwaka tangu aje Kasongo. Alisoma kaye ya Rosine ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaangalia ulimi, akaangalia kovu la kitovu, akageuza masikio ya mtoto na kuonyesha mikunjo midogo kwenye ndewe. Akauliza uzito wa kuzaliwa. Akauliza habari ya sukari. Halafu akaweka kalamu chini.

"Mama, nakuuliza kitu kimoja, na jibu lake linaniongoza. Mimba hii ilipatikana namna gani?"

Mama Régina alikuwa kwenye kiti cha pili, mtoto mapajani, akimfuta mate. Rosine alijua kwamba akisema "yenyewe" mara ya pili, daktari angemwamini.

"Ilipatikana kwa kioo, dokta. Kampala. Mayai yangu, mbegu ya bwana yangu."

Mama Régina hakuinua macho. Aliendelea kufuta mate ambayo hayakuwapo.

Daktari alieleza polepole. Ulimi, kitovu, sukari na mguu, alisema, vyote ni ugonjwa mmoja wa mwili kukua kupita kiasi; unaweza kumpata mtoto yeyote, hata wa mimba ya kawaida, lakini ni adimu sana. Kwa watoto waliotungwa kwa kioo unaonekana mara nyingi kidogo, ingawa hata kwao ni adimu; walio wengi sana wanazaliwa wazima. Hakuweza kuapa kwamba kioo ndicho kilichouleta kwa mtoto huyu. Kilichojulikana ni hiki: mwili una jeni, maagizo ya kujijenga, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Juu ya maagizo hayo kuna alama, zinazosema lipi lifanye kazi na lipi linyamaze. Kwa jeni chache za kukuza mwili, upande wa mzazi mmoja tu ndio unaoachwa kusema. Katika siku za kwanza kabisa alama nyingi zinafutwa na kuandikwa upya, na chache zinapaswa kubaki mahali pake. Siku hizo ndizo ambazo kiumbe cha kioo kinazipitia nje ya tumbo. Alama ikipotea katika sehemu moja ya mwili, sehemu hiyo inakua kupita kiasi.

"Kwa hiyo jeni zake zimevunjika?" Rosine aliuliza.

"Hapana. Ziko nzima."

Mama Régina alisema kwa sauti ya chini, "Miye sisikii kitu hapa."

Rosine alimgeukia. "Mama, ni kama chaki. Kitambaa ninachokata kiko kizuri, hakikutoboka. Lakini kabla ya kukata ninachora na chaki: hapa kata, hapa acha. Mutu akipangusa chaki mahali moja, mukasi unapita pale. Kitambaa hakina kosa. Na chaki sikuipangusa kwa kupenda."

Daktari alitabasamu. "Nitaliazima hilo, mama."

Kisha akasema jambo zito. Watoto hawa wanaweza kuota uvimbe katika figo au ini, na uvimbe huo unakua haraka bila kuuma. Ukionekana mapema, unatibika. Ukichelewa, unaua. Kazi ilikuwa moja: ekografi, yaani kuangalia ndani ya tumbo kwa mashini, kila miezi mitatu, mpaka mtoto atimize miaka minane, bila kuruka hata moja. Alifanya ya kwanza palepale. Figo zilikuwa safi. Akaandika tarehe ya pili: Alhamisi, 19 Aprili.

Kwa miezi miwili Mama Régina hakusema neno juu ya kioo. Alimwogesha mtoto kila asubuhi, akamlegezea kamba, akapiga mafundo, akamwimbia. Kwa Rosine alisema "habari ya asubuhi" na "chumvi iko wapi."

Mwisho wa Machi walikwenda wote Wamaza kwa Pasaka, siku nzima kwa pikipiki mbili, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara. Huko ndiko Mama Régina alipofungua mdomo, kwa shemeji yake Antoine, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Jumamosi baada ya Pasaka Antoine aliwaita. Walikuwa watu tisa ndani ya nyumba, mvua ikipiga mabati.

Antoine si mtu mkali. Ni katekista, na huongea kama anayesoma.

"Musafiri, mwanangu, hatusemi mutoto ni mubaya. Tunauliza tu. Kama alitengenezwa ndani ya kioo, na mikono ya watu hatuwajue, damu iko ya nani?"

"Iko yangu, baba mukubwa. Nilikuwa pale. Waliandika jina yangu juu ya kioo mbele ya macho yangu."

"Karatasi inaweza kudanganya."

"Masikio hayadanganye," Darlène alidakia kutoka mlangoni. "Angalieni masikio ya mutoto. Ni ya Musafiri kabisa, Mungu amuhurumie."

Watu walicheka, hata Antoine. Lakini akarudi palepale. Mtoto aliyeingia katika ukoo kwa njia isiyojulikana, alisema, anapaswa kukaa na ukoo umzoee, aogeshwe na majani ya kwao, wazee wa kike wamwangalie mwili. Huenda na mguu ungetulia. "Tumebakiza miezi mbili tufike mavuno ya mupunga. Mumuache hapa. Mukirudi kwa mavuno, mumuchukue."

Musafiri aliinamisha kichwa. Kumkatalia kaka wa baba yake mbele ya watu tisa hakuwahi kufanya.

Rosine alisimama. Kwa kawaida wakwe husema wamekaa.

"Baba mukubwa, majani sikatai. Mumuogeshe hata kesho. Lakini tarehe kumi na tisa mwezi huu lazima awe Kasongo. Dokta anamutafutia kitu ndani ya figo. Kikija, hakingoje mupunga."

"Mashini ile itaenda wapi? Itamungoja. Mutoto anakula, anacheza. Umeona mutoto mugonjwa anacheza vile? Na ananenepa. Régina mwenyewe anasema ananenepa."

Wote wakamtazama Mama Régina. Alikuwa amekaa na mtoto kwenye mkeka. Alipandisha blauzi ya mtoto, akafungua kamba ya kiunoni, akaileta mbele ya macho yake yaliyotoka kupona, na kuhesabu mafundo kwa kidole gumba.

"Shemeji, ngoja," alisema. "Tangu azaliwe mpaka Noeli, mwaka moja na nusu, nilipiga mafundo sita. Tangu Noeli mpaka leo, nimepiga matano."

"Si ndiyo kunenepa?"

"Ndivyo nilisema. Nilifurahi. Nilitaka kuja kuwaonyesha wenzangu." Alishika mkono wa mtoto juu ya kiwiko, kisha paja la kushoto. "Sasa nionyeshe weye, amenenepa wapi? Mukono ni ule ule. Tako ni lile lile. Tumbo tu. Mutoto anenepe tumbo tu, miye nimezaa saba, sijaona."

Rosine alikuwa tayari amefungua kaye. Tangu Januari mkono haukuongezeka hata nusu sentimita. Kipimo cha tumbo alikuwa amekiacha mwezi wa pili na wa tatu, kwa kuwa gauni za watoto anazikata pana. Akachukua metre yake, utepe wa kupimia, akapima palepale mbele ya wote. Tumbo lilikuwa limeongezeka sentimita nne.

Aliniambia kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli, na kwamba alimkasirikia mama mkwe wake kwa dakika moja, kisha akajikasirikia mwenyewe. Wote wawili walikuwa wamelishika tumbo lile kila siku.

Mvua ilikuwa imepungua. Antoine alimtazama Musafiri.

"Pikipiki iko na mafuta?"

"Iko nayo."

"Basi munangoja nini? Régina, enda nao. Yako macho inahesabu vizuri kuliko yetu."

Hawakungoja tarehe kumi na tisa. Jumatatu asubuhi walikuwa mlangoni kwa Dokta Aristote, matope mpaka magotini. Katika figo ya kushoto palikuwa na uvimbe kama yai la bata. Daktari aliuzungusha kwenye kioo cha mashini kwa muda mrefu, kisha akasema uko ndani ya figo bado, ganda lake halijapasuka, na ini ni safi. Siku nne baadaye Rosine na mtoto walipanda ndege ndogo kwenda Bukavu. Waliondoa figo ile nzima, na dawa za mshipa zilifuata kwa miezi. Nywele za mtoto zilianguka na zikaota tena. Mpasuaji wa Bukavu aliandika katika barua, ambayo Rosine alinionyesha, kwamba uvimbe huo usingefika mwezi wa sita bila kutoka nje ya ganda. Mavuno ya mpunga Wamaza yalikuwa mwezi wa sita.

Baada ya hapo maisha yao yalipangwa kwa miezi mitatu mitatu. Kila ekografi Mama Régina alikuja, kwa pikipiki, mara nyingine kwa miguu nusu ya njia, na alikaa kwenye kiti kilekile. Esther-Divine alianza shule. Fundi viatu wa sokoni anamwongezea soli ya kushoto, na ukimwona akikimbia huwezi kujua. Ulimi umepungua kadiri taya lilivyokua. Herufi mbili tatu bado zinamsumbua, na wenzake wakimcheka anawatolea ulimi huohuo wote, mpaka wananyamaza.

Rosine hafichi tena. Wanawake wawili, mmoja wa Kasongo na mmoja kutoka upande wa Kabambare, walikuja kibandani kama wateja, wakapimwa nguo, kisha wakauliza lililowaleta. Mmoja, Amisa, alimuuliza mbele yangu, akimwita yaya, yaani dada mkubwa:

"Yaya, kama ungejua yote haya mbele, ungeenda tena Kampala?"

"Ningeenda."

"Hata na figo?"

"Hata na figo. Yule pale anacheza ni nani? Ila siku ya kwanza Cécilia ananiuliza, ningemujibu kweli. Weye ukienda, usifiche. Muganga anayejua mutoto ametoka wapi, anajua pa kuangalia. Na wengi wanazaliwa bila neno lolote, usikie na hiyo pia."

Tarehe 13 Juni 2024, siku moja kabla ya miaka minane, walikwenda kwa ekografi ya mwisho. Dokta Aristote, ambaye siku hizi ana mvi mbili tatu, alipitisha chombo kwenye figo iliyobaki, kwenye ini, akarudia kwenye figo. Akafuta tumbo la mtoto kwa kitambaa.

"Safi," alisema. "Sasa ni mara moja kwa mwaka tu, mkojo na shinikizo la damu, kwa sababu ana figo moja. Mashini hii amemaliza nayo."

Rosine aliomba arudie. Alirudia. Esther-Divine alikuwa tayari ameshuka kitandani akitafuta viatu vyake.

Mama Régina hakuinuka kwenye kiti.

"Dokta," alisema, "miaka sita niko nakaa hapa, naangalia matumbo ya wengine. Leo unipime na miye."

"Unaumwa wapi, mama?"

"Siumwe. Nataka kuona tu."

Alipanda kitandani, akalala chali, akafungua kitenge. Daktari alimpaka ile dawa baridi naye akapiga kelele kidogo. Esther-Divine aliacha viatu, akaja akasimama karibu na kioo cha mashini, akaanza kumwonyesha nyanya yake kwa kidole: hii ni ini, hii ni figo, na ile kule ni figo ingine.